Barua kwa Hamisi: nani analipia minara ya Ulaya?

Torino, Italia

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam nyingi, pamoja na pongezi za udiwani, ingawa bado siwezi kukuita mheshimiwa bila kucheka.

Umeniuliza kama ni kweli huku Ulaya kampuni za simu hujijengea minara zenyewe bila senti ya serikali, maana ndivyo ulivyojibiwa kikaoni ulipoulizia mnara wa kata yako. Aliyekujibu hivyo kakupiga changa la macho.

Mimi mwenyewe nakula kwa fedha hizo. Kampuni yetu ndogo inafunga antena kwenye vijiji vya milimani, upande wa mpaka wa Ufaransa. Mahali pengi tunapokwenda, kwenye uzio kuna kibao chenye bendera ya buluu na nyota kumi na mbili, kinachosema mradi umegharamiwa na Umoja wa Ulaya. Ni zile fedha za kufufua uchumi baada ya korona. Aprili 2022 Brussels, yaani wakubwa wa Umoja wa Ulaya, iliiruhusu Italia kutumia euro bilioni 2 kwa ajili ya 5G, mtandao wa simu wa kizazi cha tano: sehemu ya kuvuta fiba, zile nyaya za intaneti ya kasi, hadi kwenye minara iliyopo, sehemu ya kujenga vituo vipya pale ambapo kampuni zenyewe zisingekanyaga. Ruzuku inafika asilimia 90 ya gharama. Anayeichukua lazima mtandao wake uwe na kasi ya kushusha data ya megabiti 150 kwa sekunde na ya kupandisha 30, na lazima awafungulie washindani wake mlango nao watumie miundombinu hiyo. Sharti hilo la mwisho likariri, utalihitaji.

Unadhani waligombania? Zabuni ya kwanza ya vituo vipya, iliyotengewa karibu euro milioni 974, haikupata hata mwombaji mmoja. Wakapunguza maeneo, wakaitangaza upya, na Juni 2022 ikachukuliwa na kampuni ya minara INWIT pamoja na kampuni za simu TIM na Vodafone, kwa takriban milioni 346. Nilipoanza kupanda huko milimani ndipo nilipowaelewa waliosusa. Kuna bonde moja ambako nyumba nyingi zimefungwa madirisha, waliobaki ni wazee na ng'ombe wao. Umeme umevutwa kutoka chini kabisa, zege limepandishwa kwa helikopta, na theluji ikianguka fundi hafiki hadi njia ifunguliwe. Hata ukilipiwa ujenzi karibu wote, bili ya umeme na matengenezo ya miaka inayofuata utaitoa wapi kwa wateja wachache namna hiyo?

Kinachonikera mimi ni kilichotangulia. Mwaka 2018 Italia iliuza kwa mnada masafa ya 5G, yaani haki ya kutumia mawimbi ya redio, ikavuna euro bilioni 6.55, wakati matarajio yalikuwa 2.5 tu. Mwaka uliofuata Ujerumani ikapiga mnada wake, raundi 497, nayo ikaondoka na karibu kiasi kile kile. Hazina zikashangilia. Halafu kampuni zikasema hela ya kujenga vijijini hakuna, na serikali zikarudi na ruzuku. Ni kama mwenye nyumba anayekukamua kodi ya miaka miwili kwa mpigo, kisha paa likivuja anakuchangia bati na kutaka umshukuru. Wajerumani waliunda hadi kampuni ya serikali, makao yake Naumburg, ikatengewa kama bilioni 1.1 kwa ajili ya sehemu zisizo na mtandao kabisa. Na bado ukipanda treni kule, simu inakatika ukiwa katikati ya sentensi.

Wafaransa naona walicheza vizuri zaidi. Januari 2018 walikubaliana na kampuni zao nne: leseni za masafa zinahuishwa bila mnada, na ninyi mtajenga minara pale tutakapowaonyesha sisi. Serikali ilisamehe mapato, lakini ikapata minara. Machi 2025 Wajerumani nao wakaufuata mkondo huo, wakaongeza muda wa masafa kwa miaka mitano bila mnada, kwa sharti kwamba ifikapo 2030 asilimia 99.5 ya eneo la nchi ipate angalau megabiti 50. Miaka yote hiyo ndiyo wanaligundua!

Umoja wa Ulaya wenyewe unataka 5G ifike kila penye watu ifikapo 2030. Wakaguzi wake walisema mwaka 2022 kwamba gharama kwa nchi zote inaweza kufika euro bilioni 400. Kwa hiyo hata hizi ruzuku ni za kuziba matundu tu.

Jambo moja utalishangaa. Ninyi mnalilia mnara, huku kuna vijiji vinavyoukataa. Bibi mmoja alituletea kahawa asubuhi, akatukalisha vizuri, ndipo akauliza kama antena zetu zitawaua nyuki wake. Italia ilikuwa na kikomo kikali cha mawimbi, volti 6 kwa mita, hadi 2024 walipokipandisha kufika 15.

Sasa rudi kikaoni. Huko kwetu Tanzania Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote wa serikali upo, na mwaka 2023 ulisaini mikataba ya minara 758, hiyo nayo ni ruzuku. Uliza kata yako imo kwenye orodha ipi. Uliza mnara ukijengwa kampuni nyingine zitaruhusiwa kufunga vifaa vyao, au mtafungiwa kwenye laini moja. Na uliza umeme wake utatoka wapi.

Nitumie jina la kile kilima cha nyuma ya shule, na mahali ulipo mnara wa karibu. Nitaangalia kwenye ramani kama vinaonana bila mlima kukaa katikati, maana hilo ndilo fundi wao atakalotaka kujua kwanza. Msalimie shemeji na wanao.

Ni mimi rafiki yako,
Juma