Barua kwa Mwanangu: Juliet Alijua, Lakini Kujua Hakukumtosha

Mwanangu mpenzi,

Ulipomaliza kusoma Romeo na Juliet, tamthilia ya Shakespeare, uliniambia kwamba wale wawili walikuwa wajinga tu. Sikukujibu papo hapo, kwa kuwa sikubaliani nawe na nilitaka nilieleze jambo hili kwa utulivu.

Juliet hajatimiza miaka 14, lakini anaona mbali. Usiku uleule waliokutana, anamwambia Romeo kwamba ahadi yao haimfurahishi, kwani ni ya haraka na ya ghafla mno. Kesho yake alasiri wanafunga ndoa. Hatari aliijua na akaitamka kwa kinywa chake, na bado hakusita.

Sababu moja ni ubongo wa kijana. Sehemu yake iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kupima matokeo na kuzuia pupa, ni miongoni mwa zile zinazochelewa sana kukomaa, na huendelea kujengeka hata baada ya miaka 20, ilhali sehemu za ndani zinazoamsha hamu, hofu na hasira huchangamka mapema, tangu kubalehe. Ndiyo maana kijana wa miaka 16 aliyetulia anaweza kupima jambo karibu sawa na mtu mzima, lakini damu ikimchemka, au wenzake wakimtazama, uwezo huohuo humponyoka. Mwangalie Romeo: Tybalt, binamu yake Juliet, anamtukana, naye anajibu kwa upole na kukataa kupigana, muda mfupi baadaye rafiki yake Mercutio anauawa, na Romeo yuleyule anachomoa upanga na kumuua Tybalt, siku ileile aliyooa.

Shakespeare alikitoa kisa hiki katika shairi la Arthur Brooke la mwaka 1562, ambamo Juliet anakaribia miaka 16 na mapenzi yanadumu kwa miezi. Yeye alimpunguzia msichana umri, akakibana kisa chote katika siku chache, kuanzia Jumapili hadi Alhamisi alfajiri. Naamini aliwatazama vijana kwa makini sana. Wala hakuwasaza watu wazima: mzee Capulet, baba yake Juliet, anaiwahisha harusi anayompangia binti yake na mwanamume mwingine, kutoka Alhamisi hadi Jumatano, na padri Laurence, anayeonya kwamba wakimbiao hujikwaa, ndiye anayewafungisha vijana ndoa ya siri. Kwa hiyo sitausingizia ubongo wa vijana peke yake.

Mahali panaponiuma zaidi ni Mantua, mji alikokimbilia Romeo baada ya kufukuzwa kwao. Mtumishi wake Balthasar analeta habari kwamba Juliet amefariki, anamwona bwana wake amebadilika uso, anamsihi awe na subira. Romeo anauliza kama kuna barua kutoka kwa padri. Anaambiwa hakuna. Anasema haidhuru, na usiku huohuo anaondoka kwenda kujiua, ilhali barua ya padri, ambayo haikumfikia, ndiyo iliyobeba ukweli wote: Juliet alikuwa amelala tu kwa dawa aliyopewa na padri, akikaribia kuamka. Balthasar alikuwa mtumishi. Hakuwa na nguvu ya kumzuia.

Mimi si mtumishi wako, ni mama yako. Siku utakapoona kwamba jambo haliwezi kungoja hadi asubuhi, njoo uniamshe, hata iwe saa tisa za usiku, hata kama umekosa, hata kama tuligombana jioni ile. Sitaanza kwa kukuuliza kwa nini. Nitakaa nawe mpaka kupambazuke.

Mama yako