Nyundo hii si ya baba, nifanye nini?

Mama Mshauri,

Jambo kwako na kwa wasomaji wote. Nakuandikia kutoka Lubumbashi, komine (wilaya ya mji) ya Kenya (Kenya yetu hii, si ile ya Nairobi). Mwezi ujao baba yetu anatimiza mwaka tangu tumzike, na chini ya kitanda changu kuna nyundo inayoninyima usingizi.

Baba alikuwa fundi wa mabati. Alinunua mapipa yaliyokwisha kazi, akayapasua kwa patasi, akayanyoosha juu ya fuawe mpaka yakalala kama karatasi, kisha akatengeneza mbabula, majiko ya makaa. Matundu ya kuangushia majivu aliyatoboa kwa msumari mnene, mistari mitano, bila kupima, na hayakupishana hata kidogo. Sisi watoto hatukuhitaji saa. Nyundo ikinyamaza, tulinawa mikono, bukari (ugali) iko tayari.

Kukataa hakujua. Mjane akileta sufuria inayovuja anazibiwa bure, na wakati wa kuondoka anapewa na mbabula ndogo "ya kujaribia". Hizo za kujaribia zilimkasirisha mama sana, maana hakuna hata moja iliyowahi kurudi. Mwaka 2003, kampuni ya madini ya Gécamines ilipowaachisha kazi watu zaidi ya 10,000 wakaambiwa wameondoka kwa hiari, wanaume waliozoea kuamshwa na king'ora walikuja kukaa kwenye benchi letu toka asubuhi hadi giza, hawana pa kwenda. Baba hakuwapa pole. Aliwapa patasi. Wawili kati yao wanaishi kwa kazi hiyo hadi leo.

Usiku wa kilio wamama wa mtaa walileta mbabula zao tupikie wageni. Nilipita na tochi kuangalia moto, nikaona kila mbabula ina mistari mitano. Hapo ndipo nililia. Mchana nilikuwa sijaweza.

Sasa shida yenyewe. Kabla ya ufundi baba alikuwa askari wa jeshi la Zaire. Tarehe 13 Mei 1978 waasi waliotoka Angola waliuteka mji wa Kolwezi. Tarehe 19 askari wa Ufaransa wakaruka kwa miavuli, na siku zilizofuata kikosi cha baba nacho kikaingia mjini. Alikuwa na miaka 23. Baadaye aliumia mguu, wakamruhusu kuacha jeshi, akarudi nyumbani anachechemea. Habari za vita hakuzisimulia. Ukimuuliza, alitafuta kitu cha kupigapiga.

Mwaka mmoja kabla hajafa, wakati namchemshia maji ya mguu, aliniambia nilete nyundo yake. Mpini ulikuwa umebadilishwa mara nyingi, lakini kwenye chuma kuna herufi mbili zilizochongwa kwa vidoti vya msumari. Nilikuwa sijawahi kuziona, Mama, kwa sababu kidole gumba chake kilikaa hapo sikuzote. Herufi hizo si za jina lake.

Akaniambia hivi: "Tulikuta mlango uko wazi. Chai ilikuwa bado kwenye kikombe. Wenzangu walichukua redio na magodoro. Mimi nilichukua nyundo, mkasi wa bati na fuawe, kwa sababu nilijua vita vikiisha nitahitaji kula." Ni nyumba ya fundi, komine ya Manika. Kama mwenyewe alikimbia au alikufa, baba hakujua. Mwaka 1985 alipanda treni kuvirudisha vile viwili alivyoweza kubeba. Alifika mpaka kwenye lile lupango (kiwanja cha nyumba), akakuta watoto wanacheza uani, akashindwa kubisha hodi. Akarudi navyo ndani ya mfuko.

Ndipo nilipoelewa jambo la utotoni. Oktoba 1991, askari walipopora maduka hapa Lubumbashi na raia wakafuata, yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alikuja nyumbani na feni aliyoiokota barabarani. Alikuwa na miaka 11, amefurahi kweli. Baba, ambaye hakuwahi kutupiga, alimshika mkono akamrudisha hadi kwenye lile duka, mguu wake mbovu na wote. Mlango wa duka ulikuwa umeshang'olewa. Akamwambia aiweke feni ndani, palepale palipobaki kitu. Watu wakawacheka njia nzima.

Yaya huyohuyo sasa anafanya kazi Likasi, ana uwezo, na anataka kumjengea baba kaburi la heshima. Ameagiza jiwe liandikwe "Shujaa wa Kolwezi", na anataka nyundo itiwe kwenye saruji juu ya jiwe, chuma kikiwa nje ili kila mtu akione. Kwenye misa ya mwaka ameniomba mimi nisome maisha ya marehemu, eti nina sauti nzuri. Hajui lolote. Baba alinieleza peke yangu, na hakuniambia nifiche wala niseme. Hilo namlaumu, Mungu anisamehe.

Nikisema, nawaza wale wajane. Watasema mbabula zao zimetengenezwa kwa kitu cha wizi? Nikinyamaza, nitasimama mbele ya padri nisome habari za shujaa, na jina la mtu mwingine liko kwenye chuma, limefungwa kaburini milele. Tena kuna kijana aliyefundishwa na baba, ndiye anayeendesha kazi sasa, fuawe na mkasi viko kwake, na nyundo anaiomba kila wiki. Anasema mpya za dukani zinaruka, hazina uzito. Anadai baba alimwahidi, na mimi namwamini.

Moyo wangu unanituma nipande gari niende Kolwezi, niulize Manika kama kuna wazee wanaomkumbuka fundi wa mabati mwenye herufi hizo. Lakini ni karibu miaka hamsini. Na nikimpata mtoto wake, nitamwambia nini, nimekuletea nyundo?

Nawauliza hasa mliozika wazazi wenye mambo kama haya: nimweleze kwanza yaya peke yake, au niende kwanza Kolwezi? Na ile karatasi ya misa, niandike nini hapo kwenye mwaka 1978?

Fundi wa saruji anakuja Jumamosi ya pili ya mwezi. Yaya ananipigia simu kila jioni kuulizia nyundo. Nimemjibu naisugua kutu.

Mimi binti wa fundi,
Lubumbashi