Barua kwa mdogo wangu msusi anayetaka kufundisha

Mdogo wangu,

Umesema mwaka huu unataka kupokea wanafunzi, na swali lako la kwanza lilikuwa utoze kiasi gani. Bei tutaifikia. Kwanza kuna jambo gumu zaidi: vidole vyako vinajua mengi ambayo mdomo wako haujawahi kuyasema. Ukimwambia mwanafunzi "usikaze sana", atajuaje "sana" inaanzia wapi? Kila unachokifanya kwa mazoea sasa kitafutie kipimo.

Anza na mkazo, maana hapo ndipo wateja wanapoumizwa. Mkimaliza mistari ya mbele, mwambie mteja ainue nyusi. Ngozi ya paji ikivutika au ikiuma, mfumue hapo hapo. Vipele kwenye mashina siku ya pili, hasa juu ya masikio, ni ishara ileile. Hali hiyo ikirudiwa kwa miaka, mashina hufa na nywele za pembeni hazioti tena. Watu husingizia rasta. Mara nyingi kosa ni uzito: kiboksi, yaani kile kisehemu cha nywele unachokigawa, cha ukubwa wa punje ya hindi kimebebeshwa rasta nene kama penseli. Notilesi, yaani rasta zisizo na fundo kwenye shina, inasaidia kwa kuwa unaanza na nywele za mteja mwenyewe, ndipo unaongeza rasta kidogo kidogo, lakini nayo ukiijaza inang'oa vilevile.

Mwanafunzi asianzie kwenye kichwa cha mtu. Funga nyuzi tatu za sufu kwenye mgongo wa kiti, nyekundu, nyeusi na nyeupe, asuke kila uzi wa pembeni ukipita chini ya ule wa katikati. Rangi zitamwonyesha alipopotea. Halafu kichwa cha sanamu, kisha twende kilioni, ile mistari ya kawaida ya kurudi nyuma, kwa mtu mwenye subira. Unapomwonyesha, asimame nyuma ya bega lako. Akikaa mbele yako, mkono wako wa kulia ataufuata kwa kushoto. Mstari ukifura, vidole vyake vimepanda mbali na ngozi. Ukipinda, huwa aligawa nywele akiwa amesimama upande mmoja.

Dawa ya kulainisha nywele iwe somo la mwisho kabisa, na hapa usilegeze kamba hata kidogo. Kichwa kilichokunwa, au kilichofumuliwa rasta leo, hakipakwi dawa leo. Mteja aulizwe aliweka nini mara ya mwisho, na jibu liandikwe, kwa sababu nywele zenye dawa ya kulainisha zikiwekwa kalikiti, dawa ya kutia mawimbi, hukatika. Kemikali zake hazipatani. Gawa sehemu nne, paka mafuta ya mgando kwenye ngozi na kuzunguka masikio, vaa glavu. Dawa ianzie nusu sentimita hivi kutoka kwenye ngozi, pembeni mwa uso pawe mwisho kwa kuwa nywele za hapo ni laini. Kwenye kuritachi, yaani kurudia dawa nywele zikishaota, gusa ukuaji mpya tu. Nywele huota kama sentimita moja na robo kwa mwezi, kwa hiyo baada ya wiki nane una sentimita mbili na nusu hivi za kufanyia kazi. Ukiivusha dawa kwenye nywele za zamani, zinakatikia hapo zinapokutana. Muda ni ule wa kwenye kopo, kwa saa ya ukutani. Mteja akisema inachoma, suuza, usimwambie avumilie. Shampuu ya kuzima dawa yenye kubadili rangi irudiwe mpaka povu liwe jeupe.

Vitana: toa nywele, osha kwa sabuni, loweka kwenye Jik ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sita za maji, dakika 10, kisha suuza. Vya chuma visizidi hapo, vinapata kutu.

Kama ulijifunzia saluni na huna cheti, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Ufuatilie kabla hujabandika tangazo, mzazi anayelipia mafunzo atakuuliza.

Sasa bei. Hesabu pakiti za rasta zitakazoharibika, kichwa cha sanamu, na saa ambazo hutasuka mteja kwa sababu unafundisha. Hizo saa ndizo wengi husahau, kisha wanamgeuza mwanafunzi mfagiaji ili kufidia. Mwandikiane: wiki ngapi, mitindo ipi, rasta ananunua nani, na mteja akisukwa na mwanafunzi hela ni ya nani. Hilo la mwisho liandikwe siku ya kwanza, kabla hajashika kitana.

Dada yako