Mgonjwa wa figo akipungukiwa damu, atafutiwe chanzo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie hili la wagonjwa wa figo na damu, maana huku kwetu Dodoma naona linachukuliwa kirahisi mno. Mtu akishajulikana ana figo, damu ikipungua kila mtu anasema aah ni figo hizo, anaandikiwa vidonge vyekundu, akizidiwa anatundikiwa chupa ya damu, anarudi nyumbani, baada ya muda mnaanza upya kutafuta ndugu wa kuchangia.

Ni kweli figo zenyewe zinachangia. Figo nzima inatoa homoni ya erithropoetini inayouamrisha uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu, sasa figo zikichoka homoni inapungua na damu inashuka, ndo maana wengi wanaosafishwa damu wanachomwa sindano ya hiyo homoni. Lakini sindano hiyo haifanyi kazi vizuri kama mwilini hamna madini ya chuma ya kutosha, na mara nyingi chuma hakipimwi, inapimwa HB tu, yaani kiwango cha damu. HB inakwambia damu ni kidogo, haikwambii kwa nini. Hata feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ikipimwa peke yake inaweza kudanganya, mgonjwa akiwa na maambukizi inapanda wakati chuma cha kutumika hakipo, kwa hiyo kinaangaliwa pia kile kinachosafirishwa kwenye damu, kikiwa chini ya asilimia 20 ya kile ambacho damu inaweza kubeba hapo pana shida.

Mama yangu mdogo yuko Nkuhungu, ni mgonjwa wa figo. Alikuwa anapata choo cheusi kama lami na zahanati wakasema ni vile vidonge vya damu, na kweli vidonge vya chuma vinafanya choo kiwe cheusi, kwa hiyo hakuna aliyehangaika. Kumbe miaka yote alikuwa ananunua diklofenaki, dawa ya maumivu, dukani kwa ajili ya magoti, dawa inayoumiza figo na tumbo kwa pamoja. Daktari mmoja ndo akauliza anatumia dawa gani zingine, akaagiza apimwe kwa mpira wa kamera, vikaonekana vidonda tumboni vinavuja. Na mgonjwa wa figo chembe sahani zake hazigandishi damu vizuri hata kama idadi yake iko sawa, kwa hiyo kidonda kidogo kinavuja muda mrefu.

Huku nyumbani majirani nao wanaleta juisi ya bitiruti na mchicha, kwa upendo kabisa, ila vina potasiamu nyingi na figo zilizochoka haziitoi, ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Wengine tatizo ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu, au kansa ya uboho ya maieloma ambayo ndiyo iliyoharibu figo zenyewe, huyo utamwongezea damu mpaka lini?

Tena kuongezewa damu mara kwa mara kunaweza kuufanya mwili utengeneze kinga inayokataa figo ya mtu mwingine. Hapa Dodoma Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza figo tangu 2018, kwa hiyo hilo linatuhusu kabisa.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya ni kwamba vipimo vya feritini, chuma, vitamini B12 na retikulosaiti (chembe nyekundu changa) vipatikane hospitali za wilaya, Mpwapwa, Kongwa, Bahi, na kama mashine hazipo basi sampuli isafirishwe kuja mjini, siyo mgonjwa anayehema akipanda ngazi ndo apande basi.

Msomaji wako,
Nkuhungu, Dodoma