Thamani ya jarida la utafiti haipimwi kwa miaka 2

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu namna tunavyopima thamani ya majarida ya kitaaluma yanayochunguza biashara ya anga za juu. Kipimo kinachotumika sana huhesabu ni mara ngapi makala za miaka 2 iliyotangulia zimenukuliwa na watafiti wengine, na kwa fani hii kipimo hicho ni kifupi mno.

Mwaka 1978 Donald Kessler na Burton Cour-Palais wa NASA walichapisha katika Journal of Geophysical Research makala iliyoonya kwamba satelaiti zikizidi zitagongana, na vipande vyake vitazigonga nyingine, hadi dunia izungukwe na ukanda wa mabaki. Ilipita miaka 31 ndipo, Februari 2009, Iridium 33, satelaiti ya kampuni ya simu ya Marekani, ilipogongana na Kosmos 2251 ya Urusi, iliyokuwa imekwisha kufa, juu ya Siberia. Hesabu ya miaka 2 ingeuonaje uzito wa onyo hilo?

Nasi linatuhusu. Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo zipatazo 500 ilianguka kijijini Mukuku, Makueni; Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa ni kipande cha roketi. Naziomba maktaba za vyuo vyetu zisiache kuyalipia majarida haya kwa sababu tu alama zake ni ndogo.

Msomaji wenu,
Machakos