Barua kwa mdogo wangu uliyezima TV msibani

Kamwene mdogo wangu,

Najua utaisoma hii maana kila nikiposti kitu we ndo wa kwanza kuangalia halafu kimya. Simu hupokei, WhatsApp tiki za bluu tu, kwenye grupu la ukoo umejitoa, sa nifanyeje, naandika hapahapa mbele za watu. Wengine mnaosoma mtanisamehe, haya ni ya nyumbani.

Kuna kaneno ulikasema kule Mafinga, kwamba vichekesho vya zamani vimeoza na sisi tunaovicheka tumeoza navyo. Kalinikaa. We uliondoka na basi la alfajiri, mi ndo nikabaki kugawa nguo za marehemu ba'mkubwa na kupanga mikanda yake, ile ya deki mingine imeota ukungu haifai hata kuuza, CD na ile flash nikachukua. Nimeziangalia zote usiku usiku watoto wakilala. Yaani nimefanya kama kazi, ili siku tukikutana usiniambie sijui ninachokitetea.

Basi nikupe haki yako kwanza. Vingine kweli vimeoza. Ile filamu ya Bushmen na chupa ya soda, The Gods Must Be Crazy, tuliyoigombania benchi la mbele pale kwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video, cha ba'mkubwa, nimeiangalia tena nikabaki nimekunja uso. Ni ya 1980, imetoka Afrika Kusini ya makaburu, halafu kuna sauti ya mzungu inatuelezea wale watu kana kwamba ni swala, wanakula nini, wanalala wapi, hawajui ubaya. Nǃxau mwenyewe ni fundi, uso wake unachekesha bila msaada wa mtu, ila ile sauti imemkalia kichwani filamu nzima. Utotoni hatukuisikia kwa sababu Lufufu, yule mtafsiri wa mikanda, alikuwa anaongea juu yake kwa Kiswahili na kuweka chumvi zake! Kumbe tulikuwa tunaangalia filamu nyingine kabisa.

Aki na Ukwa je, ile ya Wanaijeria. Ya 2002, na wale jamaa walikuwa watu wazima, Osita Iheme ana kama miaka ishirini na mwenzie kamzidi, sisi tunajua ni watoto wa rika letu wanachapwa. Leo ukijua hilo, vile viboko unavitazama vingine. Ujanja wao bado unachekesha, viboko hapana. Na zile za kwetu ambazo mke anazabwa kofi halafu kinapigwa kile kinanda cha kuchekesha, hizo mi huwa napeleka mbele, sitaki mwanangu wa kiume azoee.

Komedi ya siasa haijaoza, imepauka tu. Ze Comedy walipokuwa EATV, kabla hawajahamia TBC na kuwa Orijino Komedi, mtaa ulikuwa unanyamaza, unakumbuka tulivyokuwa tunajazana kwa jirani mwenye king'amuzi mpaka anaficha viti. Sa jaribu kumwangalishia mtoto wa 2012. Utaanza kumweleza lile sakata la umeme la Richmond lilikuwa nini, nani alijiuzulu Februari 2008, ukimaliza somo kicheko kimeshalala. Ila Joti wao akijigeuza bibi kizee, hapo hakuna anayeuliza swali. Mwanangu hajui kama mwenzao Masanja siku hizi ni mchungaji, ila akimwona anacheka vilevile.

Na King Majuto, mchekeshaji wetu. Mdogo wangu, Majuto hajaoza. Punguza sauti mpaka mwisho, mwangalie tu anavyodanganya, mdomo unasema hivi macho yanamsaliti. Mzee mwenye tamaa, mwongo, anajiona kijana, na mwisho anaumbuka yeye, haumbuki mtu mwingine. Ndo maana hata Chaplin anayekula kiatu kwenye filamu ya 1925 bado anamvunja mbavu mtoto wa Ilula ambaye hajawahi kuona theluji, njaa ni yake na kiatu ni chake. Majuto wa watu katuchekesha miaka yote hiyo halafu 2018 kabla hajafa mikataba yake ikawa gumzo mpaka serikalini. Hapo ungekasirika ningekuunga mkono.

Lakini we hukukasirikia hilo. Ulikasirikia yule binti wa kazi wa kwenye komedi.

Haya tuseme. Siku ya kuanua matanga, jua linazama, wazee wameshapata ulanzi kidogo, wanawake wako kwenye mikeka, mi nikatoa TV barazani. Shangazi mpaka leo anazunguka na maneno kwamba niligeuza msiba sinema. Marehemu kaishi kwa mikanda, kalisha ukoo mzima kwa viingilio vya vijana waliokalia mabanzi ya Sao Hill kuangalia Jackie Chan, sa mlitaka tumuage na nini? Ikaja ile sehemu, binti anashuka kwenye basi Ubungo na begi la shangazi kaja, anafungua mdomo tu Kihehe kinamwagika, bosi anashika kichwa. Wanyalukolo, yaani Wahehe, wote pale wamelala chini kwa kucheka. Na we ukasimama. Ukapita katikati ya wazee, ukachomoa waya ukutani, ukasema "hivi hamna aibu, mnalipa mtu awatukane."

Najua ulikotoka. Najua ulipoenda bweni Moro wakakuita hausigeli muhula mzima kwa sababu ya lafudhi, ukaanza kuongea kama mtoto wa Masaki mpaka mama akawa anakushangaa kwenye simu. Hilo liliniuma na mimi, usidhani. Na yule binti kwenye ile komedi kaandikwa vibaya, hana jina, hana anachotaka, kazi yake ni kushangaa friji. Hapo sibishani.

Ila uliangalia kulia kwako kabla hujachomoa ule waya? Mama mkubwa alikuwa anacheka. Toka mazishi hajala vizuri, hajaongea, tunambembeleza na uji kama mtoto, na dakika ile kashika ubavu, machozi yanamtoka, anamgonga mama begani anasema "mimi huyo, mimi huyo nilivyofika Dar, nikapewa..." Basi. Giza. Hatujui alipewa nini. Mimi sikuwahi kujua kama mama mkubwa alifanya kazi za ndani, we ulikuwa unajua? Nimemuuliza mara nyingi baadaye, anasema ahh hayo ya zamani, achana nayo. Uwanja mzima mwenye haki ya kukasirika alikuwa yeye, na alikuwa anacheka, na ukamnyamazisha kwa niaba yake.

Hilo ndo limenikaa. Si waya wa TV.

Sikwambii ucheke usichotaka. Nakwambia kama kaka, siku nyingine subiri sekunde kumi, angalia nani anacheka na anacheka nini, halafu zima. Mi mwenyewe nazima. Nilimzimia shemeji yako juzi kitu cha TikTok, kijana kavaa gauni anaiga mama muuza ndizi wa Tukuyu, cha mwaka huu huu na kimeoza kuliko hivyo vyote, kwa hiyo usije ukasema mi nimeng'ang'ania tu ya zamani. Na TV ile nililipia usafiri mwenyewe mpaka Mafinga, hakuna aliyenichangia, nasema tu kwa kuwa kuna watu wanaandika andika huko.

Desemba nashuka Dar. Nimemwambia mama mkubwa tuje wote, hajakataa, kauliza tu kama kwako kuna ngazi nyingi maana magoti. Nitakuja na flash, nimeshaichambua, Majuto yumo, na Mr. Bean nimemuweka kwa ajili yako, pale hakuna kabila la mtu na hata kuongea haongei sana. Ukimkasirikia na Bean, mi sina la kusema, nitatafuta gesti Ubungo nilale.