Kabla ya kununua baiskeli ya gia, hesabu meno

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaosema mzigo wa dagaa kutoka soko la Mwaloni, hapa Mwanza, hauwezi kupandishwa kilima cha Bugando bila baiskeli ya gia.

Chukua baiskeli ya kawaida ya inchi 28, meno 44 ya kushika cheni mbele na 18 nyuma. Pedeli ikizunguka mara moja, unakwenda mita 5.4. Barabara ikiwa tambarare, raha tupu. Ila kwenye mwinuko unaopanda mita 5 kila mita 100, mtu, baiskeli na gunia vikifika kilo 145, miguu inasukuma kwa wastani kilo 36, msuguano haujahesabiwa. Funga friwili (kile kigurudumu cha meno cha nyuma) ya meno 22, zinabaki kilo 30. Unafuu huo unalipiwa: kila mita 100 utazungusha karibu mara 23 badala ya 19. Fundi aongeze pingili 2 za cheni, la sivyo gurudumu la nyuma litavutwa mbele mpaka liguse madigadi.

Meno hukopesha, msuguano huiba. Na wizi mkubwa tunaufanya wenyewe kwa kupaka cheni oili chafu ya gari. Ikichanganyika na mchanga wa ufukweni inakuwa msasa: pini zinalika, cheni inarefuka, meno ya friwili yanachongoka. Isugue kwa brashi na mafuta ya taa, iache ikauke, weka tone moja la oili safi kwenye kila pingili, kisha ifute nje kwa kitambaa, maana oili ya nje kazi yake ni kukamata vumbi. Halafu pima kwa rula. Kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 ni inchi 12 kamili; ikizidi kwa 1/8 ya inchi, cheni hiyo imekwisha. Usiweke mpya juu ya friwili iliyochongoka, itaruka ukikanyaga kwa nguvu.

Tairi lijazwe hadi kipimo kilichochapwa ubavuni mwake. Kubonyeza kwa kidole gumba si kupima.

Mwisho, inua gurudumu la mbele, lisukume kidogo, liache. Likiwa zima litabembea huku na huku mpaka upande mzito utulie chini. Likigota ghafla, koni (nati ya ndani inayobana goroli kwenye ekseli) imekazwa mno na goroli zinasagika. Ilegeze robo mzunguko, ishikilie kwa spana nyembamba, ndipo ukaze nati ya nje.

Fundi baiskeli,
Kirumba, Mwanza